Gari la Mbio Kuukuu Litibiwe Kwanza

Tangu muhula huu ulipoanza, maneno ya Subaru hayakauki katika mabweni yetu. Taa zikiisha kuzimwa, utasikia sauti gizani yataja WRX, nyingine yajibu STI, na ya tatu yaiga mlio wa bomba la moshi mpaka kiranja agonge kitanda. Sina ugomvi na mazungumzo hayo. Kijana kupenda gari la mbio si dhambi, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wapendao. Ila nimesikiliza sana, na jambo moja lanikera: katika maneno yote hayo ni nadra kumsikia mtu akitaja breki. Wote wataka kuongeza. Huyu ataka kuongeza nguvu, huyu ataka mlio, na yule ataka gari lishushwe mpaka tumbo lake lirambe lami. Hapana aulizaye kama gari lenyewe ni zima.

Nami nasema hivi, na apendaye na anipinge: mtu aliyenunua gari la mbio lililo kuukuu asiliongezee nguvu hata kidogo kabla hajalirudishia afya liliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani. Na akiisha kulirudishia afya hiyo, kitu cha kwanza cha kuongeza ni uwezo wa kusimama, wala si uwezo wa kukimbia.

Yamkini wengine watacheka. Watasema, mvulana huyu wa miaka kumi na saba, hata umri wa leseni hajaufikia, ati atufundisha magari? Ni kweli sijaufikia. Lakini spana haiulizi leseni. Likizo zangu zote tangu Kidato cha Kwanza nimezipitisha katika gereji ya mjomba wangu mjini Arusha. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiosha vyuma na kushika taa tu. Miaka hii miwili nimekuwa nikifungua na kufunga kwa mikono yangu, mjomba akisimama nyuma yangu. Magari ya namna hii nimeyaona yakija kwa mbwembwe, na mengine nimeyaona yakija yakivutwa kwa kamba.

Kwa ajili ya wale wasioyajua, nitaeleza kidogo. Subaru Impreza lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1992. Lile liitwalo WRX lilikuwa na injini ya lita mbili yenye silinda nne na tabo, na magurudumu yote manne yalikuwa yakisukuma. Nguvu zake hapo mwanzo zilikuwa kama za farasi 240, na baadaye baadhi yake zikafika 280. Silinda zake hazikusimama kama za magari mengi, bali zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zake hurushiana ngumi kama mabondia wawili. Mlio ule wa kudundadunda ambao wenzetu hujaribu kuuiga usiku watokana na mabomba ya kutolea moshi kutolingana urefu. Si uchawi, wala si dalili ya nguvu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zetu wenyewe za kulipenda gari hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 aliyeshinda ni Colin McRae wa Uskoti akiendesha Impreza. Mwaka 2000 akashinda Richard Burns wa Uingereza, naye pia katika Impreza, na wa pili wake, Juha Kankkunen wa Ufini, alikuwa katika gari la namna ile ile. Wazee wengi waliosimama barabarani enzi zile wakila vumbi bado husimulia.

Lakini zitazameni vizuri picha za magari yale ya Safari. Hayakushushwa, yaliinuliwa. Mbele yalifungiwa vyuma vya kukinga wanyama na mawe. Ubavuni mwa kioo yalikuwa na bomba refu la kuvutia hewa juu, ili injini isinywe maji mtoni. Watu wale walikuwa na fedha nyingi na mafundi hodari kuliko wote duniani, na fikira yao ya kwanza ilikuwa gari lifike. Sisi ambao fedha zetu ni za kudunduliza twaanza na mlio. Hapo ndipo ninaposhangaa.

Tena tukumbuke umri. Hata lile la mwisho la umbo hilo la kwanza, lililotengenezwa mwaka 2000, ni kubwa kwa umri kuliko kila mwanafunzi wa shule hii. Mpira wake umekauka, nyaya zake zimechoka, na limepita katika mikono mingi. Na saa ya kilomita isikudanganye. Saa ile yaweza kurudishwa nyuma, na wapo waifanyao kazi hiyo bila haya.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinunua WRX la mwaka 1997 mwaka jana. Alidunduliza miaka minne kwa kuuza simu. Mwezi wa kwanza alinunua bomba la moshi lenye mdomo mpana kama sufuria. Wa pili alinunua beji nyekundu ya STI na kuibandika nyuma, ingawa gari lake si STI, na beji haiongezi hata nguvu ya punda mmoja. Wa tatu alinunua kifaa cha kuongeza msukumo wa tabo. Siku moja alipokuja gerejini, mjomba alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, oili umebadilisha lini?" Kaka akamtazama kama aliyeulizwa siku ya kufa kwake.

Basi na tuanze hapo kwenye oili, maana wengi huona ni jambo la watoto. Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi utokao katika injini, nalo huzungusha gurudumu jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Gurudumu hilo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Fikiri: dakika moja! Kinachozuia vyuma vyake visisagane ni utando mwembamba wa oili, ile ile ya injini. Oili ikiwa chafu, au ikipungua, tabo ndiyo hulia kwanza, na beringi za injini hufuata. Injini za namna hii huwa na desturi ya kula oili kidogo kidogo, na anayengoja taa nyekundu ya dashibodi iwake amechelewa tayari. Mjomba ametuwekea sheria: kijiti cha oili kivutwe kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika dakika chache. Oili na filta hubadilishwa kila kilomita 5,000, si zaidi. Na gari likiisha kukimbizwa sana, lisizimwe ghafla. Liache lingurume polepole dakika moja au mbili, ili oili iendelee kupita na tabo ipoe.

Jambo la pili ni mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa mbele ya injini, na kazi yake ni kuziambia valvu wakati wa kufunguka na kufunga. Kiwanda kilipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000. Katika injini hizi za tabo, mkanda ukikatika huku gari likienda, valvu hubaki wazi na pistoni huzigonga. Injini nzima huharibika kabla dereva hajajua kilichotokea. Kwa kuwa saa ya kilomita haiaminiki, na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, ushauri wangu ni mmoja: ukinunua gari hili na muuzaji hana karatasi ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe juma lile lile. Badilisha pamoja na roli zake na kikaza chake, na pampu ya maji pia, kwani pampu hiyo huzungushwa na mkanda huo huo. Ukibadilisha mkanda ukaiacha pampu kuukuu, pampu ikaja kukwama, mkanda mpya nao utaondoka nayo.

Juu ya maji ya rejeta nitasema machache. Injini iliyolala hupenda kuficha hewa ndani yake, na mahali palipo na hewa hapapoi. Kwa hiyo maji hujazwa polepole, na kile kizibo kidogo kilicho juu ya rejeta hufunguliwa ili hewa itoke. Yatumike maji yenye dawa ya kuzuia kutu, si maji ya bomba matupu. Na hapana haja ya kumwambia mtu mwenye akili kwamba rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, ingawa nimeuona mkono wa mtu mzima uliobabuka kwa kusahau hilo.

Nimesema kaka alinunua kifaa cha kuongeza msukumo. Kifaa hicho ni kidogo na hakina gharama kubwa, na ndiyo sababu kina hatari. Tabo ina mlango wa kupitishia moshi pembeni msukumo ukifika kiasi kilichowekwa. Kifaa hiki huudanganya mlango huo usifunguke mapema, na tabo huendelea kushindilia. Dereva huona gari limepata mbawa. Lakini magari haya, yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe, yalipangiwa petroli bora ya huko, ambayo oktani yake hufikia karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Petroli yenye oktani ndogo, ikishindiliwa sana na kupata joto, hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado yapanda. Mafundi husema injini yagonga. Kompyuta ya gari hujaribu kuzuia, lakini ina kikomo chake. Mwaka juzi lililetwa gerejini gari la kijana mmoja aliyefunga kifaa kama hicho. Tulipoifungua injini, pistoni moja ilikuwa imepasuka kandokando. Gharama ya kutengeneza ilizidi vitu vyote alivyokuwa ameliongezea, ukijumlisha na beji.

Kadhalika wapo wanaotoa chujio la hewa la kiwandani na kuweka lile la wazi lenye umbo la pia. Chujio hilo mara nyingi hupakwa mafuta, na mafuta yakizidi huruka mpaka kwenye waya mwembamba unaopima hewa iingiayo. Waya ukichafuka, kompyuta hudanganyika, nayo hutoa petroli isiyolingana na hewa. Petroli ikiwa kidogo na hewa nyingi, joto hupanda, na tumerudi pale pale penye pistoni iliyopasuka. Na katika vumbi letu, chujio la kiwandani lililo safi lashinda lile la kujionyesha, hata likikosa mlio wa kufyonza.

Sasa nafika kwenye breki, na hapa nitakaa, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mwezi wa sita kaka alitoka Karatu akirudi Arusha. Ndani ya gari walikuwamo rafiki yake na, katika kiti cha nyuma, dada yangu mdogo aliye darasa la sita, aliyekuwa ameombewa usafiri tu. Wale mnaoijua barabara ile mnajua kwamba kabla ya kufika Mto wa Mbu kuna mteremko mkali wa kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, wenye kona. Kaka alishuka kwa mbio, akikanyaga breki kila kona. Katika kona mojawapo akakanyaga, na pedali ikazama mpaka chini kama iliyokanyagwa ndani ya uji. Akarudisha gia ya tatu, kisha ya pili, akavuta breki ya mkono, akalipeleka gari kwenye tuta la udongo upande wa mlimani, likasimama. Hapana aliyeumia. Dada yangu alitapika kando ya barabara, na mpaka leo hataki kupanda gari lile.

Mjomba alipoyafungua mafuta ya breki yalitoka meusi kama chai ya rangi. Pengine hayakuguswa tangu gari lilipotoka Japani. Nitaeleza kwa nini hilo ni jambo kubwa. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ndani ya bomba nyembamba, na mafuta husukuma pedi zibane diski. Ni kanuni ya Pascal ile ile tunayofundishwa darasani. Yafanya kazi kwa kuwa mafuta hayabonyei. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 230 au zaidi. Yakiisha kunyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndipo mguu wako unaposukuma mvuke badala ya kusukuma pedi.

Na joto hilo latoka wapi? Hesabu yake iko katika daftari zetu. Chukua gari lenye watu, uzito wake kilo 1,500, laenda kilomita 100 kwa saa. Nguvu ya mwendo wake ni jouli 580,000 hivi, na kulisimamisha ni kuigeuza karibu yote kuwa joto kwenye breki. Joto hilo latosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya baridi, na hiyo ni kusimama mara moja tu. Ongeza mwendo hadi kilomita 140. Mwendo haukuongezeka hata kwa nusu, lakini nguvu ile imekuwa karibu maradufu, maana huongezeka kwa mraba wa mwendo. Sasa fikiri mteremko unaoshuka mita 300. Hata bila kuongeza mwendo, gari lile lapoteza jouli milioni nne na nusu kwa kushuka tu. Kama breki peke yake ndiyo yazibeba zote, ni joto la kuchemsha zaidi ya nusu debe la maji. Injini ikiwa katika gia ndogo hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ndiyo maana madereva wa malori hushuka polepole wakinguruma, na sisi vijana huwacheka.

Kwa hiyo mtu anayeongeza nguvu za injini, breki zikiwa zile zile zilizochoka, anaongeza joto ambalo hana mahali pa kuliweka. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Ni kazi ya saa moja, na gharama yake haifiki ya bomba lile la moshi hata kidogo. Pedi zitazamwe unene. Diski zipimwe, si kukisiwa kwa kidole. Mabomba ya mpira ya breki yakiwa na nyufa yatupwe. Mambo haya yakiisha, na fedha ikiwapo, hapo ndipo neno la kuongeza laweza kutajwa bila aibu: pedi za daraja la juu zaidi, na hata zile breki kubwa za mbele zenye pistoni nne zilizokuja na STI za mwishoni mwa miaka ya 1990. Ila zipimwe kwanza na rimu, maana rimu ndogo huzigusa.

Tairi nazo zina siri yake ambayo kila mtu aweza kuisoma. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya umbo kama yai. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira ukizeeka hugeuka mgumu, na tairi yaweza kuwa na meno mazuri ya kupendeza huku imekwisha kufa. Tena katika gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne, tairi zote ziwe za aina moja na za ulaji ulio karibu sawa. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizokwisha, magurudumu hayazunguki sawasawa, na mtambo wa katikati unaogawanya nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika mpaka uungue. Wengi hununua tairi mojamoja kama wanunuavyo mayai, kisha hulaumu Wajapani.

Shokapu na bushi sitazisemea sana. Gari kuukuu linaloyumba huponywa zaidi na bushi mpya kuliko na springi fupi. Na kulishusha gari katika nchi yenye matuta kama yetu, ambapo hata lori hupunguza mwendo na kuomba radhi, ni jambo ambalo sijaona hoja yake, isipokuwa kwa mtu anayelipeleka gari lake harusini tu.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimekwisha kuyasikia kitandani. La kwanza ni kwamba fedha ni za mwenyewe, naye ana haki ya kununua kelele akipenda. Ningekubali, kama gari lingekuwa na kiti kimoja. Impreza lina viti vya watu watano. Yule wa nyuma hakushauriwa bomba la moshi linunuliwe kabla ya mafuta ya breki. Dada yangu hakuulizwa. Na mwenye kuvuka barabara huko mbele, ambapo kibao cha kilomita 50 kimesimama, hajui kabisa kama tairi zinazomjia ni za mwaka gani.

Jibu la pili ni zuri zaidi, na mwenzangu wa kitanda cha juu hulisema kwa ufasaha: ati matengenezo hayana furaha. Nani atakayefurahia mkanda uliofichwa ambao hakuna auonaye? Hapa nampinga kwa niliyoyaona. Baada ya mambo ya mwezi wa sita, mjomba alilichukua gari la kaka siku tisa. Tulibadilisha mafuta ya breki na mabomba yake ya mpira, pedi, mkanda wa taimingi na pampu, oili, plagi, na bushi za mbele. Hatukuongeza kitu hata kimoja. Kaka alipolijaribu alirudi kimya, akaketi juu ya tairi, akasema hakujua kwamba gari alilonunua lilikuwa hivi. Lilivuta vizuri kuliko lilivyowahi kuvuta mikononi mwake, maana plagi zake zilikuwa zimekwisha na nusu ya nguvu alizokuwa akizitafuta dukani zilikuwa zimelala ndani ya injini yenyewe. Mjomba alimwambia, "Sasa ndiyo umelinunua." Sijawahi kuona bomba la moshi likimfurahisha mtu kiasi kile.

Jibu la tatu ni kwamba mafundi ni ghali. Ni kweli, lakini mengi ya niliyoyataja hayahitaji fundi. Kijiti cha oili, namba za tairi, rangi ya mafuta ya breki katika kikopo chake, nyufa za mipira chini ya boneti: yote hayo mtu huyatazama mwenyewe Jumamosi asubuhi akiwa na kitambaa na taa. Mkanda na breki ndivyo vya kumpa fundi, tena fundi ambaye atakuonyesha kifaa cha zamani alichokitoa. Asiyekuonyesha, usirudi kwake.

Kile kifaa cha kuongeza msukumo kaka bado anacho, kimo ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Asema atakifunga Desemba. Nimemwandikia barua nikimshauri akiuze, kwa sababu tairi zake mbili za nyuma zimeandikwa 3413, na fedha ya kifaa ikiongezwa kidogo yapata seti. Hajanijibu bado. Wenzangu wa Subaru mliomo humu mabwenini, mwenye hoja ya kunipinga asiniamshe usiku. Aandike, na naamini mhariri atampa nafasi muhula ujao.